Ubavu wa Kushoto

Mfugaji wa Rungwe au Mufindi akimkuta ng'ombe wake wa maziwa amevimba asubuhi, baada ya kula majani mabichi ya jamii ya kunde yenye umande, hana haja ya kumzunguka. Anakwenda moja kwa moja ubavu wa kushoto. Hapo, nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya mfupa wa nyonga, pana kibonde ambacho kwa ng'ombe mwenye njaa huzama, na kwa ng'ombe aliyejaa gesi huinuka hadi kulingana na mgongo na hata kuupita. Akikigonga kwa vidole anasikia uwazi. Akiitwa mtaalamu wa mifugo na hali ikawa ya kufa na kupona, atatoboa palepale, kwa trokari, gesi itoke. Hatoboi kulia. Kulia, nyuma ya ngozi inayofanana kabisa na ya kushoto, tumbo hilo halipo.

Mtazame ng'ombe huyohuyo kwa nyuma anapokwenda kunywa maji. Pembe mbili, masikio mawili, nyonga mbili, miguu inayopokezana, chuchu mbili huku na mbili huku. Ukipitisha mstari kutoka puani hadi mkiani, nusu moja ni kioo cha nusu ya pili. Akishachinjwa na kupasuliwa, hesabu hiyo inavurugika. Tumbo la kwanza, lenye uwezo wa kubeba lita 100 na zaidi, limejaza karibu nusu yote ya kushoto. Ini limesukumwa kulia. Moyo umeegemea kushoto. Utumbo mwembamba, unaofikia mita 40 hivi ukinyooshwa, umejikunja zaidi upande wa kulia, kwenye nafasi iliyobakizwa. Wahenga waliosema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, walikuwa wakiwasema watu, lakini mchinjaji yeyote angewaunga mkono kwa ushahidi wa kisu.

Kwa nini nje pawe sawa, na ndani kila kiungo kiwe na upande wake? Jibu linaanzia mbali na ng'ombe, kwa wanyama wasio na pande kabisa.

Kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ndani ya maji, huishi sponji. Ni wanyama, ingawa hawana mdomo, jicho wala mguu. Wamejibandika jiweni na kuchuja maji yanayopita ndani ya vitundu vyao, na mwili wao huchukua umbo lolote ambalo jiwe na mkondo wa maji vinaruhusu. Wengi wao huwezi kuwakata nusu mbili zinazolingana, kwa sababu hakuna mpango wa kulinganisha. Maisha yao hayadai mpango huo: chakula huja na maji, na maji hayana adabu ya kuja upande mmoja.

Hatua inayofuata ni mnyama mwenye mpango, lakini asiye na mbele. Hapa vyungu vya Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho pembeni mwa Matema, vinatusaidia. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga kwa mkono, na siku ya gulio la Lyulilo hupangwa chini kwa safu, vingi vikisubiri kupelekwa Mbeya. Chungu cha Kikisi kina juu na kina chini. Mdomo na kitako havibadilishani. Lakini hakina mbele wala nyuma. Kwa sababu kinakaa mahali pamoja na mkono wa mpishi unaweza kukijia kutoka popote, mfinyanzi hukifanya kiwe kilekile ukikizunguka. Ndivyo alivyo haidra, mnyama mdogo wa maji baridi anayejishikiza kwenye jani la majini na kutandaza mikono yake kuuzunguka mdomo. Wanabiolojia huuita mpango huu ulinganifu wa kuzunguka: mkate mnyama huyo kupitia katikati, kwa wima, kutoka pande nyingi, na kila mara utapata nusu mbili zinazofanana.

Mwenye umbo hilo aliyewahi kuwachanganya wataalamu yuko Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Tunduma na Sumbawanga kwa anayetokea Mbeya. Ni konyeza wa maji baridi, mwavuli wa ute unaopitisha mwanga, wenye upana wa sentimita 2 hivi, unaojibana na kujiachia ili kupanda na kushuka majini. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na miaka 10 baadaye konyeza huyo akapewa jina la kisayansi lenye jina la ziwa ndani yake. Konyeza wengi ni wa baharini. Kwa hiyo Mwingereza J. E. S. Moore aliona kwamba huyu, pamoja na konokono wa ziwa hilo wenye magamba yanayofanana na ya bahari, ni masalia ya zama ambazo ziwa liliungana na bahari, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kutetea hoja hiyo. Hoja iliangushwa. Konokono wale walifanana na wa baharini kwa sababu ya maisha waliyoyapata katika ziwa lile kubwa na la kale, si kwa sababu walitoka baharini. Umbo lilikuwa limesema habari za maisha, nao waliokuwa wakilisoma wakadhani linasema habari za asili.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye ufunguo wa jambo zima. Ulinganifu wa mwili ni jibu la swali moja: dunia inakujia kutoka wapi? Mvutano wa ardhi hutofautisha juu na chini kwa kila kiumbe, na kwa aliyetulia au anayeelea tofauti hiyo inatosha. Misindano ya Sao Hill kule Mufindi ina mizizi na kilele, lakini haina uso. Mnyama akianza kutembea, tofauti ya pili inazaliwa. Upande unaotangulia ndio unaokutana kwanza na chakula, na hatari, na shimo. Macho, pua na mdomo vinavutwa huko, ubongo unavifuata, na kichwa kinapatikana. Sasa kuna juu na chini, na kuna mbele na nyuma. Kinachobaki ni kulia na kushoto, na hapa dunia haina la kusema. Simba anaweza kutokea kichaka cha kulia kama anavyoweza kutokea cha kushoto. Kijia hupinda huku na huku. Mwenye mguu mrefu upande mmoja angezunguka duara badala ya kufika. Kwa hiyo pande hizi mbili zikaachwa zifanane, kwa sababu tu hakuna kitu kilichozitenganisha.

Mpango huo wa pande mbili una umri wa zaidi ya miaka milioni 550, na sehemu kubwa mno ya aina za wanyama tunazozijua wanaufuata: siafu, mjusi, kaa wa mitoni, kipunji wa misitu ya Rungwe ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005, na wewe unayesoma. Tandala mkubwa wa Ruaha anauonesha kwa fahari. Pembe yake ya kulia hujisokota kama msokoto wa kushoto unavyoonekana kiooni, kila mzunguko ukijibiwa na mwenzake. Angekuwa na pembe mbili zilizosokotwa upande uleule, kichwa kingevutwa pembeni.

Kuna aliyeuacha mpango huo. Kiti cha pweza, anayeokotwa kwenye mwamba wa pwani bamvua likitoka, ana mikono mitano inayozunguka mdomo ulio chini. Lakini huanza maisha akiwa buu dogo linaloogelea, lenye kulia na kushoto kama watoto wengi wa wanyama. Baadaye hutulia, hujijenga upya, na kutoka katika mwili wa pande mbili unaibuka mwili wa pande tano. Mtoto anayeogelea ana mbele. Mzee anayejikokota taratibu juu ya mwamba haihitaji sana.

Konokono naye amefanya la kwake. Okota gamba tupu kwenye mfereji wa mpunga, lishike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukiwa unakutazama. Mdomo ukiangukia upande wako wa kulia, huyo ni konokono wa kulia, kama walivyo wengi wao duniani. Ukiangukia kushoto, tahadhari na maji uliyosimama ndani yake, kwa maana konokono wa jenasi Bulinus, wanaolea vimelea vya kichocho cha mkojo, wana magamba ya kushoto. Jirani zao wa jenasi Lymnaea ni wa kulia, na hao ndio wanaolea minyoo bapa ya ini la ng'ombe, ile inayomfanya mkaguzi wa nyama machinjioni alitupe ini ambalo mteja alikwisha kulitamani. Gamba moja halisababishi kichocho kwa sababu ya mkunjo wake, wala la pili halimwonei ng'ombe; ila kwa anayetafuta kujua maji ya shamba lake yana nini, upande wa mdomo wa gamba ni habari ya kwanza, na haihitaji maabara. Ziwa Nyasa lina hata konokono mdanganyifu, Lanistes nyassanus, asiyepatikana kwingine: gamba lake ni la kushoto, ilhali mwili uliomo ndani umepangwa kama wa konokono wa kulia.

Nani anaamua upande? Mwaka 1923 Alfred Sturtevant, mwanajenetiki wa Marekani, alieleza matokeo yaliyokuwa yakiwatatiza Waingereza waliozalisha konokono wa madimbwini. Konokono hafuati vinasaba vyake mwenyewe katika jambo hili. Hufuata vinasaba vya mama yake, kwa sababu mkunjo huanza mapema mno, chembe nne za yai zinapogawanyika kuwa nane, wakati yai bado linaendeshwa na kile mama alichokiweka ndani. Mtoto anaweza kubeba vinasaba vya kushoto na kuishi maisha yake yote akiwa wa kulia. Deni hilo watalilipa watoto wake.

Mkunjo wa konokono unafumbua pia fumbo la tumbo la ng'ombe. Utumbo ulio mrefu mara nyingi kuliko mwili hauwezi kulala ukiwa umenyooka. Lazima ujikunje, na kinachojikunja lazima kichague upande, maana mkunjo wa kuelekea kulia na kushoto kwa pamoja haupo. Moyo ni mrija uliojikunja. Ini, kongosho na bandama vinafuata nafasi zilizobaki. Ndani ya mwili hakuna simba wa kutokea kushoto wala njia ya kunyooka. Kuna nafasi finyu na kazi nyingi, na viungo vimekaa kwa kusogezana, kila kimoja mahali kilipoweza kufanya kazi yake.

Kila anayechinja kuku wa kienyeji ameona mfano ulio wazi kuliko wote. Mfungue tetea aliyekuwa akitaga, na kando ya uti wa mgongo utakuta kichala cha viini: kimoja kikubwa cha manjano kilichokaribia kuwa yai, kingine kidogo, vingine kama punje za ulezi, vikipangana kwa ukubwa kama foleni ya siku zijazo. Kichala hicho kiko kushoto peke yake. Kifaranga anapoumbwa ndani ya yai huanza na viwili, kisha cha kulia kinasita kukua na kufifia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni uzito, kwamba kiumbe wa kuruka hawezi kubeba mayai mawili makubwa kwa wakati mmoja. Kuku tunayemfuga haruki mbali tena, lakini mwili wake bado unafuata uamuzi wa mababu waliokuwa wakiruka.

Kwa binadamu uamuzi huo una chanzo kinachoshangaza kwa udogo wake. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionesha, kwa viinitete vya panya, kwamba kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinavyozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na kijito hicho ndicho kinachouarifu mwili kushoto ni wapi. Watu wanaozaliwa na vinyweleo visivyoweza kuzunguka husaidia kuthibitisha jambo hilo. Takriban nusu yao wana moyo kulia na ini kushoto, mwili wote ukiwa umepinduliwa kama kiooni, kwa kuwa kijito kisipokuwepo upande huamuliwa kwa bahati nasibu. Na wengi wenye viungo vilivyopinduliwa kikamilifu namna hiyo huishi vizuri tu. Mwili haujali moyo uwe upande gani. Unajali viungo vyote viwe vimekubaliana.

Hata nje, ulinganifu unaishia pale kazi yake inapoishia. Hifadhi ya Ruaha, ambayo tangu Usangu ilipounganishwa nayo mwaka 2008 inagusa Iringa na Mbeya zote, ina mbwa mwitu wenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya udongo. Mifupa yao imelingana kwa uangalifu mkubwa, maana mbwa mwitu huishi kwa kukimbia. Madoa hayakulingana hata kidogo: ubavu wa kulia una ramani yake, wa kushoto una nyingine, na hakuna mbwa wawili wenye ramani moja. Chui naye ni hivyohivyo. Ndiyo maana wanaohesabu chui kwa kamera za kujiendesha huzifunga mbilimbili, moja kila upande wa njia, zipige pamoja. Mwenye kamera moja akipata leo picha ya ubavu wa kulia na kesho ya ubavu wa kushoto, hawezi kusema kama amemwona chui mmoja au wawili. Ndovu pia humsaidia mtafiti, kwa maana aghalabu hupendelea pembe moja kuchimbia na kubandulia magome, na pembe hiyo huisha mapema kuliko mwenzake. Mguu wa mnyama unadaiwa usawa na njia. Doa halidaiwi chochote.

Kuna mahali ambapo usawa umehama kabisa kutoka katika mwili wa mmoja ukaenda kukaa katika hesabu ya wengi. Katika Ziwa Tanganyika yuko samaki mdogo, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Humvizia mwenzake kwa nyuma, humkwangua ubavuni na kukimbia. Mdomo wake umepinda. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na waliopinda kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alichapisha matokeo ya miaka ya kuwafuatilia: kila upande ulikuwa karibu nusu ya samaki wote, na hesabu iliyumba kidogo huku na huku bila kwenda mbali. Sababu iko kwa anayeliwa. Wapindao kulia wakizidi, samaki wengine huzoea kulinda ubavu wa kushoto, na wachache waliopinda kushoto hula kwa raha na kuzaa zaidi. Hao nao wakizidi, ulinzi unahamia ng'ambo. Samaki mmojammoja amepinda, lakini ziwa limenyooka.

Sisi tumejigawa kwa namna nyingine. Mtu mmoja kati ya kumi hivi hutumia mkono wa kushoto, tisa wanatumia wa kulia, na mikono yenyewe inafanana kama pembe za tandala. Kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, kushoto hushika, kulia hutenda: gunzi na punje, kuni na shoka, kiazi na kisu. Mgawanyo huo ni wa kale. Kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, kuna korongo la Isimila, ambako mwaka 1951 zilitambuliwa zana za mawe na ambako F. Clark Howell alichimba mwaka 1957 na 1958. Kipimo kilichofanywa baadaye kwenye mfupa kilitoa umri wa takriban miaka 260,000. Zana zinazovuta macho ni mashoka ya mkono, mawe yaliyochongwa pande zote hadi yakawa na umbo la chozi, ncha juu na kitako chini, ukingo wa kulia ukijibu ukingo wa kushoto pigo kwa pigo. Baadhi ni makubwa kuliko kiganja chochote. Kwa kupasua nyama, kibanzi chenye makali upande mmoja kingetosha. Wataalamu bado wanabishana ulinganifu huo ulikuwa wa nini: mizani mkononi, mazoea ya mafunzo, au jicho lililopendezwa. Lisilobishaniwa ni namna ulivyopatikana. Mkono mmoja ulishika jiwe, wa pili ukapiga, pigo baada ya pigo, na kazi isiyogawanywa sawa ikazaa kitu kilicho sawa.

Shoka la Isimila linaweza kuwa sawa hadi kiini chake kwa sababu halili, halitagi na halisukumi damu. Aliyelichonga hakuweza. Nasi, tunaopenda sura iliyolingana, safu iliyonyooka na mizani isiyoinama, tumezoea kuona kila kilichoegemea upande kama kasoro inayongoja kurekebishwa. Wanyama wanatufundisha kuuliza kwanza: sawa kwa kazi gani? Miguu ilinganishwe, maana njia inaidai. Tumbo liachwe liegemee, maana lina majani ya kumeng'enya. Aliyejaribu kuusawazisha mwili wa ng'ombe ndani kama ulivyo nje ingembidi aufupishe utumbo hadi unyooke na kuligawa tumbo mara mbili, na angebaki na mnyama mzuri wa kutazama, asiyeweza kuishi kwa nyasi.